Simba wa Rufiji na Fomu ya Chuo

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mloka huiacha barabara ya Kilwa pale Kibiti, akashika njia ya Mkongo, na mwisho wa safari hukutana na jina la mtu mmoja mara mbili. Mbele ya kijiji, langoni Mtemere, inaanza Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Juu zaidi ya Mto Rufiji liko Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Kijana wa Mloka aliyemaliza kidato cha sita amekulia kati ya majina hayo mawili, na huenda hakuna aliyewahi kumwambia mwenye jina alisomea nini.

Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 na akamaliza mwaka 1952, akiwa na shahada ya sanaa ambayo leo ingemtatiza ofisa ajira yeyote. Ndani yake mlikuwa na fasihi ya Kiingereza, uchumi, anthropolojia ya jamii, historia, falsafa ya maadili na sheria ya katiba. Vyuo vya Uskoti vilikuwa na desturi ya shahada pana za namna hiyo tangu zamani. Aliporudi alifundisha Pugu, akaingia kwenye siasa, na huku akiongoza nchi akapata wasaa wa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare.

Mtu anaweza kuchukua mfano huo kama ushahidi kwamba shahada pana ndiyo bora. Basi na asiishie Kibiti. Ashuke kusini hadi Ikwiriri, avuke mto kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza Makerere, akahitimu mwaka 1962, na alifika Ikulu ileile. Shahada ya somo moja haikumfungia mlango. Kwa hiyo hoja ya kuchagua shahada mtambuka, yaani inayovuka mipaka ya taaluma, haisimami kwa mifano ya wakubwa. Inasimama, au kuanguka, kwa aina ya swali ambalo mwanafunzi anataka kulijibu.

Mloka na vijiji jirani vina maswali ya aina hiyo, yanayokataa kukaa ndani ya idara moja. Mojawapo lina manyoya.

Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja, aliyepachikwa jina la Osama, aliua zaidi ya watu 30 katika vijiji vya Rufiji. Alipouawa Aprili 2004 alikutwa na jipu kwenye gego. Wengi waliona kisa kimekwisha: simba anaumwa jino, hawezi kumwangusha nyati, anatafuta nyama laini. Maelezo hayo yana mantiki, ila yanamhusu simba mmoja. Mwaka uliofuata, watafiti Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya nchi nzima. Tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 Tanzania na kujeruhi wengine wasiopungua 308. Hakuna nchi yenye majino mabovu kiasi hicho.

Watafiti hao waligundua kwamba mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno, na kwamba mnyama wa kutazamwa alikuwa nguruwe mwitu. Nguruwe huingia shambani usiku kula mazao. Mkulima, ili asipoteze jasho la mwaka mzima, huhamia shambani na kulala katika dungu au kibanda cha makuti ili amfukuze. Simba naye, mahali ambapo wanyama wengine wa kuwindwa wamepungua, humfuata nguruwe. Usiku mmoja watatu hao hukutana.

Hapo ndipo thamani ya taaluma mtambuka inapoonekana. Mtaalamu wa wanyamapori anajua simba anakula nini, na mwanajiografia anaweza kuonyesha kwenye ramani ni vijiji gani viko hatarini na kwa nini. Lakini swali la kwa nini mtu mwenye nyumba anakwenda kulala kwenye kibanda kisicho na mlango ni la uchumi wa kaya na la sosholojia: shamba liko umbali gani, nani ana fedha za uzio, watoto wanaoweza kulinda ndege na nguruwe wako shule au wako shambani. Baadaye Kushnir alilinganisha vijiji vilivyoshambuliwa na visivyoshambuliwa katika Rufiji na Lindi, akiuliza mambo yanayoonekana madogo, kama ubora wa vibanda na umbali ambao watu hutembea kufuata mahitaji yao. Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwa darubini. Yanapatikana kwa kuketi mkekani na kuongea.

Na kuongea ni taaluma. Kusini mwa Tanzania imani ya simba wa kutumwa ni ya zamani. Jirani mwenye kijicho anaweza kusingiziwa kwamba ndiye mwenye simba. Mtafiti anayembana mjane kwa dodoso lenye visanduku vya ndiyo na hapana ataandika neno “ushirikina” na kufunga daftari. Anayejua lugha kwa undani, na aliyefundishwa jinsi watu wanavyosimulia msiba, atasikia ndani ya simulizi hiyohiyo ugomvi wa mpaka wa shamba, saa ya tukio, na nani alilala wapi. Ni taarifa ileile ambayo mtaalamu wa wanyamapori anaitafuta.

Jambo moja lisisahaulike katika kisa hiki. Packer ni mwanaekolojia, na utafiti ulisimama juu ya ekolojia. Maswali ya jamii yalifungwa kwenye shina hilo. Wanafunzi wengi hukosea hapa. Huona orodha ya kozi zinazogusa siasa kidogo, uchumi kidogo, mazingira kidogo na jinsia kidogo, wakafikiri huo ndio utambuka. Kuweka masomo manne kwenye cheti kimoja ni kazi ya karani wa usajili. Kuyafanya yajibu swali moja kunahitaji mwanafunzi awe na somo moja analoweza kulitetea mbele ya wenye fani, na jingine moja au mawili ambayo anayajua kiasi cha kusoma makala zao bila kupotea.

Mafuriko ya masika ya mwaka 2024 yanatoa mfano mwingine, ingawa mfupi. Maji yalipofunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, mabishano yaligeuka kuwa ya swali moja: bwawa limesababisha au limepunguza? Mhandisi wa maji anaweza kujibu kwa takwimu za mtiririko. Lakini katika bonde hili watu wamelima mlau miaka nenda rudi, yaani kilimo cha udongo unaobaki na unyevu baada ya maji kupungua, na maziwa ya pembeni mwa mto hupata samaki pale mto unapofurika na kuyafikia. Neno “mafuriko” kwa mzee wa kijiji cha Mtanza si lazima liwe na maana ya janga. Serikali iliwahi kuwahamishia watu sehemu za juu, katika Operesheni Rufiji ya mwishoni mwa miaka ya 1960, na wengi waliendelea kurudi bondeni kulima. Asiyejua historia hiyo atawaita wakaidi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiligundua mapema kwamba mtaalamu wa somo moja anaweza kuwa mgeni katika nchi yake. Baada ya maandamano ya Oktoba 1966 dhidi ya Jeshi la Kujenga Taifa, wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao. Mwaka uliofuata, Azimio la Arusha likiwa bado bichi, chuo kilijadili upya wajibu wake na baadaye likazaliwa somo la pamoja kuhusu jamii na mazingira ya Afrika Mashariki. Mwaka 1973 ikaanzishwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, na hadi leo mwanafunzi wa uhandisi hukaa ukumbini na wa sheria wakisikiliza somo la taaluma za maendeleo (DS), huku wote wakinung’unika kwamba inawapunguzia GPA. Manung’uniko hayo yana ukweli ndani yake: somo la lazima kwa wote, katika ukumbi wa mamia, halimfundishi mtu kuunganisha taaluma. Linampa msamiati tu.

Ajabu ni kwamba shahada mtambuka iliyoenea zaidi nchini haitangazwi kwa jina hilo. Ni ya ualimu. Anayesoma shahada ya sanaa na elimu huchukua masomo mawili ya kufundishia, tuseme historia na Kiswahili au jiografia na Kiingereza, pamoja na elimu yenyewe. Watu huidharau kwa sababu ajira za ualimu zimekuwa ngumu. Kwa muundo wake, hata hivyo, ni shahada pacha halisi: masomo mawili yanayopewa uzito, na la tatu linalouliza mtu hujifunzaje. Mhitimu wa jiografia na Kiswahili aliyeandika vizuri ana maandalizi bora ya utafiti vijijini kuliko wengi wenye vyeti vyenye neno “maendeleo”.

Lugha za kigeni zinahitaji tahadhari ya aina yake. Mkataba wa kujenga bwawa, uliosainiwa Desemba 2018, ulipewa kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Kambi za watalii karibu na Mtemere nazo hupokea Wajerumani, Waitaliano na Wafaransa. Ni rahisi kuhitimisha kwamba kijana wa Mloka asome Kiarabu au Kifaransa na kazi itamfuata nyumbani. Lakini anayeanza lugha kutoka sifuri mwaka wa kwanza atatumia sehemu kubwa ya miaka mitatu kufika mahali ambapo mzawa wa lugha hiyo yuko tangu utotoni. Tena Kiarabu cha darasani ni fusha, yaani Kiarabu sanifu, na fundi wa kutoka Kairo haongei fusha akiwa juu ya winchi.

Lugha hupata nguvu inapofungwa na kitu. Mtalii Mjerumani langoni hatafuti mtu wa kumwambia “huyu ni twiga” kwa Kijerumani. Anayejua historia atamweleza kwamba Frederick Selous, aliyelipa Pori la Selous jina, aliuawa Beho Beho Januari 1917 akipigana na jeshi la Wajerumani na kaburi lake limo humo hifadhini. Na kwamba Ngarambe, alikoishi Kinjikitile Ngwale, mganga wa vita vya Majimaji, iko wilaya hiihii ya Rufiji. Kijerumani pamoja na historia ni jozi inayouzika. Hata Kiswahili, kilichopokewa na Umoja wa Afrika kama lugha ya kazi mwaka 2022, kinamhitaji mkalimani anayeelewa sheria au uchumi wa kile anachokitafsiri.

Yapo pia mambo ya karatasi, na hayo yameangusha wengi kuliko falsafa. Kwa anayetoka kidato cha sita, kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya alama 4.0, ambapo A ni 5 na E ni 1. Hicho ni kizingiti cha nje tu. Kila programu ina masharti yake ndani ya mwongozo, na programu mchanganyiko zina tabia ya kudai somo fulani kwa jina, hasa hisabati kwa zenye uchumi. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa zikafika 65, na kati yake zimo zenye lugha kama Kichina na Kiarabu, jambo linalowapa wa nyuma nafasi ya kujipanga mapema kuliko kaka zao waliobanwa na HGL na HKL.

Kuna pia suala la jina la shahada. Matangazo ya kazi serikalini hutaja fani kwa majina: sosholojia, maendeleo ya jamii, jiografia, uchumi. Huongeza “au fani zinazofanana”, lakini anayeamua kufanana huko ni mtu mwenye rundo la maombi mezani na saa chache za kuyapitia. Kabla ya kuthibitisha chuo, busara ni kusoma matangazo kumi ya zamani na kutazama kama jina hilo limewahi kutajwa. Lisipotajwa, shahada yenye jina linalojulikana, pamoja na kozi za hiari kutoka idara nyingine, huleta elimu ileile bila adha hiyo. Bodi ya Mikopo nayo ina vipaumbele vyake, na kwa familia ya mvuvi au mkulima wa mpunga bumu ndilo huamua mambo mengine yote.

Linalobaki ni kuuliza idara yenyewe, ikiwezekana kupitia mwanafunzi wa mwaka wa tatu: kuna kozi ya mbinu za utafiti na takwimu? Fildi hufanyika wapi, na kwa wiki ngapi? Tasnifu ya mwisho husimamiwa na nani endapo mada inagusa idara mbili? Swali hilo la mwisho hufichua mengi. Idara isiyo na jibu imeunganisha masomo kwenye kipeperushi tu.

Jibu zuri liliwahi kuonekana mwaka 1968. Idara ya Historia ya Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wake katika maeneo ya vita vya Majimaji kukusanya masimulizi ya wazee. Vita hivyo vilianza Umatumbi Julai 1905, na Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi uliofuata. Mwaka 1968 bado walikuwepo waliokumbuka. Wanafunzi waliuliza habari za pamba, dawa, koo na mahoka (mizimu), katika lugha ambazo nyaraka za Wajerumani hazikuzisikia. Gilbert Gwassa, mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, aliijenga tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1973 juu ya masimulizi ya namna hiyo, na Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Kilwa, akachapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Ripoti za wanafunzi zilikusanywa pamoja, na mwanahistoria anayeandika kuhusu Majimaji leo, awe Berlin au Songea, bado huzinukuu.