Alama Moja Inavyoweza Kuliondoa Jina Lako Katika Orodha

Mwananchi anapojiandikisha katika ofisi ya kijiji, iwe Suguti, Kusenyi, Chirorwe au Wanyere, taarifa zake huanza safari ndefu kuliko anavyodhani. Huandikwa daftarini, kisha huingizwa katika jedwali la kompyuta, na mara nyingi jedwali hilo hugeuzwa kuwa faili la maandishi matupu ili mfumo mwingine uweze kulipokea. Hatua hiyo ya mwisho mwananchi haioni, nayo ndiyo inayoweza kumpoteza. Tangu msimu wa 2022/2023, bei ya ruzuku ya mbolea ni ya mkulima aliyesajiliwa. Mstari wake ukiharibika njiani, atafika dukani na kuambiwa kuwa hayumo.

Faili la maandishi halina vyumba kama jedwali. Kila mtu huwa mstari mmoja, na kati ya taarifa moja na nyingine huwekwa alama ya kutenganisha. Alama iliyozoeleka ni mkato, na ndiyo asili ya faili liitwalo CSV. Tatizo ni kwamba sisi wenyewe huandika mikato. Tuchukue mfano wa mstari wenye taarifa tatu, yaani jina, mahali na ekari:

Doto,Kusenyi, karibu na mwalo,2

Binadamu anaelewa. Kompyuta huhesabu taarifa nne, na penye ekari hukuta maneno “karibu na mwalo”. Mfumo makini utaukataa mstari huo. Usio makini utaupokea ulivyo, jambo ambalo ni baya zaidi. Fedha nazo ni hivyo hivyo: 1,250,000 hukatika vipande vitatu.

Zipo tiba mbili. Ya kwanza ni kuifunga kila taarifa ya maneno ndani ya alama za kunukuu, ili mkato ulio ndani usihesabiwe. Ya pili ni kuchagua alama nyingine: nukta mkato, kichapo cha tab, au mstari wima. Binafsi napendelea mstari wima, kwa kuwa sijaona mtu mwenye alama hiyo katika jina lake wala katika jina la kitongoji chake:

Doto|Kusenyi, karibu na mwalo|2

Katika LibreOffice, anayehifadhi faili kama CSV huweza kuomba dirisha la mipangilio, akaandika humo alama anayoitaka. Excel haiulizi, kwenye Windows hufuata alama iliyowekwa katika mipangilio ya eneo ya kompyuta nzima. Anayeibadilisha akumbuke kuirudisha, la sivyo mwenzake wa meza ya pili atahangaika kesho yake. Muhimu kuliko yote, anayepokea faili aambiwe ni alama gani iliyotumika. Usimbaji nao uwe UTF-8, vinginevyo kikato kilichomo katika majina yenye ng' huweza kugeuka kuwa herufi za ajabu.

Hata hivyo, alama ikiwa sahihi bado namba zinaweza kuharibika, na hapa ndipo penye hatari kubwa. Namba ya simu huanza na sifuri. Kompyuta ikiichukulia kuwa ni hesabu, sifuri hiyo hufutwa. Hubaki tarakimu tisa, na ujumbe uliokusudiwa kwako haukufikii.

Namba ya kitambulisho cha Taifa hupata hasara kubwa zaidi. Ina tarakimu 20, ilhali Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Tano za mwisho huzigeuza kuwa sifuri. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Sasa wafikirie Kulwa na Doto, mapacha waliozaliwa siku moja na kusajiliwa mahali pamoja. Ikiwa namba zao zinatofautiana mwishoni tu, katika faili watakuwa mtu mmoja, na mfumo unaokataa majina yanayojirudia utamwacha mmoja wao nje. Tarakimu zilizokwisha kufutwa hazirudi kwa kubadilisha mipangilio. Ni lazima kurejea daftarini.

Kinga yake ni rahisi. Safu za simu na kitambulisho ziwekwe kuwa za maandishi kabla ya kuandika chochote. Aidha, namba ya kitambulisho ikiandikwa pamoja na vistari vyake, Excel huiacha salama. Na faili likishakamilika lisifunguliwe tena kwa kubofya tu, maana Excel itazifuta zile sifuri upya. Likaguliwe katika programu ya kawaida ya maandishi, idadi ya mistari ilinganishwe na majina ya daftarini.

Nawe mwananchi, unapojiandikisha, omba usomewe mstari wako: jina kama lilivyo katika kitambulisho, simu yenye tarakimu kumi, na tarakimu tano za mwisho za kitambulisho. Ukisikia sifuri tano mfululizo ambazo hazimo katika kadi yako, sema hapo hapo.

Orodha za namna hii zisisambazwe katika makundi ya WhatsApp, hata kwa nia ya kuwasaidia majirani kutafuta majina yao. Faili la maandishi hufunguka kwenye simu yoyote, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda namba zilizomo. Anayetaka kuhakiki jina lake afike kwa mtendaji wa kijiji akiwa na kitambulisho chake mkononi.