Kabla hujachomwa sindano za Kichina, muulize mchomaji alisomea nini

Wiki hii naanza na mzee mmoja mkulima wa migomba na kahawa kutoka Muleba. Jina lake nalihifadhi, ila mwenyewe ameniruhusu nisimulie yaliyompata ili wengine wajifunze.

Aliletwa kwangu hapa Bukoba na binti yake, akitembea kwa kuburuta mguu wa kushoto. Mgongo ulikuwa ukimuuma kwa miezi mitano. Nilipomwomba avue shati nimpime, niliona vialama vidogo vyekundu vimejipanga mistari miwili, kulia na kushoto kwa uti wa mgongo. Nikamuuliza vimetokana na nini. Akatazama chini, kisha akasema taratibu, "Waitu daktari, usinigombeze. Nilikuwa nachomwa sindano za Kichina."

Alichomwa mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita. Mwanzoni alipata nafuu, baadaye maumivu yakarudi kwa nguvu. Nikamuuliza: usiku unatoka jasho? Akasema shuka huwa linalowa. Umepungua mwili? Binti yake akanionyesha mkanda wa suruali ulioongezwa matundu mawili. Kuna mtu nyumbani aliyewahi kuugua kifua kikuu? Mdogo wake, miaka miwili nyuma. Picha ya eksirei ilionyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimelika. Ilikuwa TB ya mifupa, nayo ilishaanza kubana mishipa ya fahamu inayokwenda mguuni.

Sindano zenyewe hazikumdhuru mzee huyu. Kilichomdhuru ni wiki sita zilizopita bila mtu kumuuliza maswali yale matatu. Na niseme ukweli wote: kabla ya kwenda kwenye sindano, alipita mara mbili kwenye kituo cha tiba, akapewa vidonge vya maumivu, na huko pia hakuulizwa. Kwa hiyo leo sikuja kumcheka mtu wa sindano. Nataka tuzungumze juu ya elimu ambayo mtu anapaswa kuwa nayo kabla hujamkabidhi mgongo wako, au mtoto wako.

Tiba yenyewe ni ipi?

Akupancha ni tiba ya kale ya China. Mtaalamu huchoma sindano nyembamba sana, zisizo na dawa ndani yake, katika sehemu maalumu za mwili. Sisi Watanzania si wageni nayo. Madaktari kutoka China walianza kuja Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na miongoni mwa timu hizo wamekuwamo wataalamu wa sindano hizi.

Je, inasaidia? Kwa baadhi ya maumivu ya muda mrefu, kama ya mgongo, shingo, magoti na kipandauso, wapo wagonjwa wanaopata nafuu, na utafiti umeonyesha hivyo, ingawa mara nyingi nafuu hiyo si kubwa. Inaweza pia kupunguza kichefuchefu baada ya upasuaji. Lakini haiui vimelea vya malaria, haiondoi TB, haichukui nafasi ya ARV, na haiwezi kuyeyusha uvimbe wa saratani. Anayekuambia inatibu kila kitu, mshukuru, kisha uondoke.

Wanaosomea kweli husoma nini?

Watu wengi hudhani mwanafunzi wa akupancha hukariri tu sehemu za kuchoma. Sivyo. China ilifungua vyuo vyake vinne vya kwanza vya tiba ya jadi mwaka 1956, katika miji ya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Leo shahada ya tiba hiyo huko huchukua miaka mitano, na ndani yake mwanafunzi hujifunza pia masomo tunayosoma sisi madaktari wa hospitali: maumbile ya mwili, namna viungo vinavyofanya kazi, chanzo cha magonjwa, na jinsi ya kumpima mgonjwa. Kisha hupelekwa wodini kujifunza kwa vitendo chini ya uangalizi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo haya mwaka 1999. Kwa mtu ambaye si daktari na anataka kuifanya akupancha kuwa kazi yake, mwongozo ulipendekeza saa 2,500 za masomo, yaani kama miaka miwili ya kusoma muda wote, na zisizopungua 1,000 kati ya hizo ziwe za vitendo na za kuhudumia wagonjwa. Linganisha na semina ya wiki mbili na cheti cha kuning'iniza ukutani.

Ipo pia njia ya kuanzia upande wa pili. Majirani zetu wa Uganda, ng'ambo ya Mutukula, waliwahi kupokea mradi kutoka Marekani uitwao PanAfrican Acupuncture Project. Mradi huo ulifundisha sindano hizi kwa watu waliokuwa tayari kazini katika huduma za afya. Mtu wa namna hiyo anapokutana na homa isiyoeleweka, anajua la kufanya kabla hajagusa sindano.

Na kama unadhani tiba hizi mbili haziwezi kukaa meza moja, fikiria dawa mseto ya malaria unayompa mwanao. Kiini chake kimetokana na mmea uliotumika katika tiba ya jadi ya China. Aliyeongoza ugunduzi huo, mama Tu Youyou, alisomea kwanza famasia ya kisasa, kisha akarudi darasani kusoma tiba ya jadi. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Alizijua elimu zote mbili, akajua pia mahali pa kupima kila moja.

Kwa nini elimu ya hospitali ni lazima?

Kwanza, kwa sababu ya kilichopo chini ya ngozi. Juu ya bega na mgongoni, pafu haliko mbali na ngozi. Sindano ikizama kupita kiasi inaweza kulitoboa, hewa ikavuja na pafu likasinyaa. Ukichomwa kifuani, begani au mgongoni, halafu ukapata kichomi cha ghafla na pumzi ikawa fupi, hata kama ni saa kadhaa baadaye, nenda hospitali usiku huohuo.

Pili, mtaalamu lazima ajue nani asichomwe, au achomwe kwa tahadhari. Mjamzito, mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye ugonjwa wa kutokwa damu, na mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo iwapo sindano zitaunganishwa na umeme. Asipokuuliza haya, hajui.

Tatu, ni usafi. Sisi wa Kagera hatuhitaji kuhadithiwa maana ya ugonjwa wa damu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Machi 2023 ukatangazwa ugonjwa wa Marburg huku Bukoba Vijijini, watu 6 wakafariki, na miongoni mwao alikuwamo mhudumu wa afya. Sindano iliyotoka kwenye mwili wa mtu mmoja haipaswi kuingia kwa mwingine, hata iwe nyembamba kama unywele, hata ikifutwa kwa spiriti. Homa ya ini aina ya B hupita kwa kiasi kidogo sana cha damu.

Ikiwa umechomwa kwa sindano iliyotumika kwa mtu mwingine, usikae nyumbani ukiwaza. Wahi kituo cha afya mapema iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita, upimwe na uangaliwe kama unahitaji dawa za kinga ya VVU. Uliza pia kuhusu homa ya ini.

Kwa wazazi

Mtoto mwenye homa si mgonjwa wa sindano za Kichina. Mtoto aliyepata degedege, anayekataa kunyonya, anayetapika kila anachopewa, anayepumua haraka, mwenye shingo ngumu au utosi uliovimba, anatakiwa kituoni sasa hivi, si kesho asubuhi. Kipimo cha haraka cha malaria huchukua kama dakika 20 tu. Kwa mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo, kila saa inayopita ina gharama yake, nayo huonekana baadaye anaposhindwa kusikia au kusimama.

Maswali matano ya kuuliza

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili watoa huduma na maeneo yao ya kazi. Kwa hiyo una haki ya kuuliza, kwa heshima na bila woga:

1. Umesajiliwa? Naomba nione cheti chako na cha eneo hili. Ukiwa na shaka, muulize mratibu wa tiba asili katika halmashauri yako.

2. Ulisoma wapi, kwa muda gani, na ulihudumia wagonjwa chini ya usimamizi wa nani?

3. Sindano ni mpya? Pakiti ifunguliwe mbele yako, na zikishatumika zitupwe mbele yako kwenye boksi maalumu la vitu vyenye ncha kali.

4. Utaniuliza nini kabla ya kunichoma? Asipotaka kujua ugonjwa wako, dawa unazotumia na vipimo ulivyofanya, usilale kwenye kitanda chake.

5. Nisipopata nafuu, utanipeleka wapi? Mtu aliyesoma ana jibu la swali hili. Asiye na jibu atakuongezea siku.

Na usiache dawa zako za presha, kisukari, TB au VVU kwa sababu ya sindano, awe nani aliyekuambia.

Nina ombi pia kwa wenzangu wa hospitali. Mzee wangu alinificha alama zake kwa sababu aliogopa kugombezwa. Mgonjwa anayeficha ni mgonjwa tuliyemfundisha kuficha. Tumuulize kwa upole ametibiwa wapi, kisha tumuulize yale maswali matatu: jasho la usiku, kupungua mwili, na nani nyumbani amewahi kukohoa.

Mzee alianzishiwa dawa za TB, ambazo hapa nchini hutolewa bure, na atazitumia karibu mwaka mzima. Mwezi uliopita aliingia chumbani kwangu kwa fimbo, bila kushikwa na binti yake. Mguu umepata nguvu, ingawa si zote, na sijui kama zitarudi zote. Migomba yake kwa sasa inalimwa na wanawe.

Ukiwa na maumivu ya mgongo yaliyozidi wiki sita, au yanayoambatana na homa, jasho la usiku, kupungua mwili, ganzi au udhaifu wa miguu, au ukishindwa kuzuia mkojo, anzia hospitali. Ukishapimwa na kujua unaumwa nini, ndipo uamue kuhusu sindano.