Aliyeichora Tabora 1861

Wadau, juzi nilikuwa kafe natafuta picha za zamani za kwetu Tabora, nikakutana na jamaa anaitwa James Augustus Grant. Mskoti huyu alifika Kaze, ndiyo Tabora yenyewe, Januari 1861 akiwa na Speke, kwa ile njia ya misafara ya pembe na watumwa kutoka Bagamoyo. Kamera aliitumia Unguja. Huku bara akabaki na penseli na rangi za maji. Alichokiona ndicho alichochora: watu, mimea, maisha ya njiani.

Sasa utamu uko hapa. Kitabu cha Speke cha 1863 kilitumia michoro yake, lakini wengi tunaijua kama ilivyochorwa upya London na Johann Baptist Zwecker ili ichongwe kwenye mbao. Ndiyo maana watu wamepozi kama wako jukwaani! Michoro halisi ya Grant iko maktaba ya taifa, Edinburgh.

Mimi nachorachora, na tangu sekondari nilikuwa naiga hizo za vitabuni. Jumapili nikapanda baiskeli hadi Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone 1872, nikachora mlango wake wa nakshi. Umenishinda mara tatu. Jumapili narudi.