Neno 'sukari' linapoweza kumponza mgonjwa

NENO 'sukari' limebebeshwa mzigo. Tunaitia kwenye chai, tunasema shangazi "ana sukari", kisha daktari anatuarifu kuwa "sukari imeshuka". Muktadha hutuokoa kila mara, mpaka mgonjwa anapoandikiwa dawa iitwayo akabosi.

Molekuli ya akabosi inafanana na kipande cha wanga (ule wa ugali, sio wale wa usiku), yaani mnyororo wa sukari. Vimeng'enya vya utumbo mwembamba huidhania kuwa chakula, vikaing'ang'ania. Lakini mahali ambapo atomi ya oksijeni ingeunganisha sukari mbili, pana naitrojeni, na hapo havikati. Vikiwa vimekwama hivyo, ugali huvunjwa polepole na glukosi haipandi ghafla damuni. Ndiyo maana dawa hii humezwa na tonge la kwanza. Wanga usiovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, bakteria wakaufurahia, tumbo likajaa gesi. Wapo wanaoiacha dawa kwa aibu hiyo tu.

Dawa za aina hii tuziiteje? 'Sukari bandia' nalikataa. Kwetu dawa bandia ni ya matapeli. Mimi napendekeza 'kiigasukari', wingi wake 'viigasukari', kwa kufuata kipimajoto na kipazasauti.

Hilo la jina linaweza kungoja. Lisiloweza kungoja ni hili: akabosi ikitumiwa pamoja na insulini, glukosi ya damu inaweza kushuka kupita kiasi. Mgonjwa anatetemeka, jasho linamtoka. "Jamani, mpe sukari!" Jirani anakoroga vijiko vitatu kwenye maji, kwa nia njema kabisa. Sukari hiyo ya chai ni sukrosi, yaani glukosi na fruktosi zilizoshikana, na kimeng'enya cha kuzitenganisha ni miongoni mwa vile vilivyokwamishwa na akabosi. Msaada utachelewa. Anachohitaji, maadamu bado anaweza kumeza, ni glukosi yenyewe, ile ya unga ya dukani, isiyongoja kuvunjwa. Akizimia, asinyweshwe kitu; akimbizwe hospitali.

Sasa mwazie mfasiri wa karatasi ya maelezo ya dawa anayeandika: "Mgonjwa apewe sukari." Upatanisho wa kisarufi hauna dosari, na mwalimu angeipa alama zote. Mimi ningeirudisha. Aandike 'glukosi', kisha aongeze waziwazi: 'si sukari ya chai'.