Tana River: Ghala la Kodi Nafuu Laweza Kuwa Ghali

Mfanyabiashara anayetafuta ghala Hola au Garsen, katika Kaunti ya Tana River, huvutiwa na kodi nafuu karibu na mto. Kabla ya kulipa, heri aulize maji yalifika wapi mwaka 1997, 2018 na 2023. Wenyeji wa mtaa huo watamwonyesha.

Kutazama mawingu ya Hola pekee hakutoshi. Mafuriko makubwa ya huko huletwa na mvua za Mlima Kenya na Aberdare, mbali sana juu ya mto. Kati yake yapo mabwawa matano ya umeme. La juu kabisa, Masinga, hujaa maji yakifika mita 1,056.5 kutoka usawa wa bahari, na yanayozidi huteremka hadi Kiambere, la mwisho. KenGen ikitangaza kwamba Masinga limejaa, mwenye magunia ghalani asingoje kuona maji. Huo ndio wakati wa kukodi lori.

Halafu kuna njia. Novemba 2023 na tena Aprili 2024, maji yalikata barabara ya Garissa hadi Nairobi pale Madogo. Maembe makavu yaliyokwama siku nne ni hasara kama yaliyolowa.

Bima ya moto peke yake hailipi mafuriko. Kifungu hicho huongezwa na kulipiwa. Wanunuzi wa mifugo wana hesabu nyingine: kaunti hiyo hiyo ilichomwa na ukame wa 2020 hadi 2022.