Prosesa nyingi si dawa ya kila tarakilishi inayojikokota

TARAKILISHI inapoanza kujikokota, ushauri mmoja hutolewa upesi kwa mtumiaji wa Windows: aandike amri ya msconfig, afungue sehemu ya Boot, kisha atie alama kwenye kisanduku cha idadi ya prosesa na kuchagua nambari ya juu kabisa. Eti prosesa, ambazo ndizo hufanya hesabu zote za mashine, zilikuwa zimelala na sasa zitaamka.

Anayemlipa fundi kwa kazi hiyo amenunua hewa. Kisanduku hicho hakikuwekwa ili kuongeza nguvu bali kuipunguza, kumwezesha mtaalamu kupima jinsi programu inavyokwenda kwenye mashine yenye prosesa chache. Kikiachwa bila alama, Windows hutumia zote inazoziona. Anayechagua 2 katika mashine yenye 8 amezifungia 6 nje, nazo hubaki huko hadi alama iondolewe na mashine kuwashwa upya.

Hata hivyo, imani hiyo haikuzuka tu. Windows 95 na 98 zilitumia prosesa moja hata mashine ilipokuwa na mbili. Windows NT, iliyotolewa 1993, iliweza kutumia zaidi ya moja. Linux nayo ilipata uwezo huo katika toleo la 2.0 la mwaka 1996. Kwenye Windows XP, aliyeongeza prosesa ya pili huenda alilazimika kubadilisha sehemu ya mfumo iliyowekwa kwa ajili ya moja, la sivyo ile mpya isingeonekana kabisa. Mambo yalibadilika baada ya 2005, Intel na AMD zilipoanza kuuza chipu zenye viini viwili kwa tarakilishi za kawaida.

Siku hizi kazi hiyo hufanyika yenyewe. Mashine inapowashwa, prosesa moja hutangulia kuamka, husoma orodha ya wenzake, kisha huwaamsha. Mfumo hugawa kazi, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwani prosesa mbili zikibadilisha kumbukumbu ileile kwa wakati mmoja, data huharibika. Linux ya 1996 iliepuka balaa hilo kwa kufuli moja kubwa: prosesa moja ilipoingia katika kitovu cha mfumo, nyingine zilizotaka kuingia zilisubiri mlangoni. Wataalamu waliligawa kufuli hilo katika vidogo vingi, na mabaki yake ya mwisho yaliondolewa mwaka 2011. Miaka 15 nzima!

Mipaka mingine haiondolewi na mfumo wowote. Wapishi wanne humenya vitunguu vya pilau kwa kasi kuliko mmoja, lakini sufuria haiivi upesi kwa kuzungukwa na watu. Gene Amdahl, mhandisi wa Marekani, alieleza hoja hiyo mwaka 1967. Iwapo robo ya kazi haigawanyiki, prosesa 4 huiharakisha mara 2.3 hivi, 8 hufikisha mara 2.9, na hata zingekuwa elfu moja hazingefikisha mara 4.

Kwa hivyo, kabla ya kugusa mpangilio wowote, ni heri kutazama. Katika Windows, kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua Task Manager, ambayo huonyesha idadi ya viini na shughuli zake. Katika Linux, amri ya nproc hutoa idadi ya prosesa ambazo mfumo unaweza kutumia. Idadi hiyo yaweza kuwa maradufu ya viini halisi, kwa kuwa chipu nyingi hukifanya kiini kimoja kionekane kama viwili.

Idadi ikipungua, kisanduku cha msconfig ndicho cha kukaguliwa kwanza. Kiini kimoja kikitokwa jasho huku vingine vikistarehe, huenda programu yenyewe haikuandikwa kugawanya kazi. Na vyote vikistarehe ilhali mashine inatambaa, kasoro haimo katika prosesa. Ikaguliwe kumbukumbu, au diski kuukuu.