Nobel ya Kemia iliyotokana na mwanga wa fizikia

KWA miaka mingi wanakemia walijua kilichoingia katika mmenyuko na kilichotoka. Kitendo chenyewe, atomu zikiachana na kushikana upya, hakuna aliyekiona. Kilipita upesi mno.

Ahmed Zewail, Mmisri aliyezaliwa Damanhur mnamo 1946 na kufundisha katika taasisi ya Caltech, Marekani, aliazima leza ya wanafizikia. Mmweko wa kwanza huipa molekuli nishati ianze kuvunjika. Wa pili, unaocheleweshwa kidogo tu, huikagua imefikia wapi. Ucheleweshaji huo ukibadilishwa kila mara, hatua zote hupatikana zikifuatana mithili ya picha za filamu.

Kipimo chake ni femtosekunde: igawe sekunde moja mara milioni, kisha kila kipande ukigawe mara bilioni. Mnamo 1987 kikundi chake kilishuhudia kiungo baina ya iodini na kaboni kikikatika kwa takriban femtosekunde 200.

Mwaka wa 1999 Zewail alitunukiwa Nobel, peke yake. Iliitwa ya Kemia, na hapo wanaozoea kuyatenga masomo hayo mawili hupata taabu, kwani hadi kifo chake mnamo 2016 alikuwa profesa wa kemia na vilevile wa fizikia.